Visiki vya Arusi Darajani

Nisiulizwe tena kwa nini nina hasira. Nimeulizwa kanisani, nimeulizwa sokoni Muleba, na mama mkwe wangu huniuliza asubuhi kabla sijatenga hata maji ya chai. Nimeona niandike mara moja. Anayetaka kujua asome, asiyetaka aendelee kunisengenya kama kawaida.

Daraja lenyewe si kubwa. Ukitoka barabara ya lami iendayo Bukoba, ukashuka kwenye vumbi letu, unalikuta bondeni: zege, ukingo wa zege kila upande, na chini yake mto wa maji meusi yanayotoka kwenye mafunjo. Ukivuka umefika kwetu. Yaani kwao, maana mimi ni mtoto wa Buhembe, mjini Bukoba, huku nimeolewa tu, na hilo wananikumbusha. Iko njia nyingine ya kuzunguka mlima, lakini hiyo ni ya wenye magari, tena wakati wa kiangazi. Mwenye mtoto mgongoni akizunguka kule, hawahi kitu chochote mjini.

Kwenye ukingo wa daraja, chini kabisa, kuna matundu. Nilipofika hapa mara ya kwanza nilidhani ni ya kuchomekea migomba.

Usicheke. Kijiji kizima kilidhani hivyo. Kwetu Kagera, arusi bila migomba si arusi. Unakata migomba mizima na majani yake, unaisimamisha kulia na kushoto kuanzia njiani mpaka mlangoni, bibi arusi anapita katikati. Huku kwao mlango wa kijiji ni daraja, kwa hiyo migomba ya kwanza husimama darajani. Zege halichimbiki. Na matundu yale yapo, yamejipanga vizuri, yana ukubwa wa kuingia mgomba mwembamba ukiusukuma kwa kisigino. Mtu gani angehangaika kutafuta mahali pengine?

Baada ya arusi hawaing'oi. Wanaikata kwa panga usawa wa zege, na kisiki kinabaki ndani. Nilipouliza sababu niliambiwa kwamba kung'oa mgomba wa arusi ni kung'oa ndoa ya watu. Sijui nani alianzisha. Ninachojua ni kwamba kila arusi ilisukuma kisiki cha arusi iliyotangulia ndani zaidi, juu yake ukaja udongo, juu ya udongo yakaota majani. Yangu pia ilikuwa mle. Nilipita kati ya migomba hiyo nimefunikwa khanga kichwani, watu wakipiga vigelegele na wengine wakiimba "nyegera waitu", karibu kwetu, na mimi nikilia machozi ya furaha kama mjinga.

Kisha akazaliwa binti yangu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeukia ndani, unyayo ukitazama juu. Mama mkwe aliuangalia, akanirudishia mtoto, akasema, "Kwetu hakuna mguu wa namna hii." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yake kwa mjukuu.

Mjini Bukoba nilimkuta mhudumu wa kliniki ya miguu, mama mnene asiye na muda wa kubembeleza mtu. Alisema unaitwa mguu kifundo, wanazaliwa nao wengi, si laana na si ukoo wa mtu, na unanyooka kabisa mama yake akiwa na akili. Akaushika mguu, akauvuta kidogo tu, akaufunga kwa jasi ngumu, ile wanayoita piopii. Kila wiki niurudishe, waufungue, wauvute tena kidogo, waufunge upya. Ukishanyooka, mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma. Kwanza mchana na usiku, baadaye wakati wa kulala tu, mpaka afikishe miaka kama minne.

"Minne?" nikamwuliza. "Si umesema utakuwa umenyooka?"

"Kunyooka ni kazi ya wiki chache," akasema. "Kubaki umenyooka ndiyo kazi ya miaka. Wewe usikose wiki, na piopii isiloe. Mengine tuachie sisi."

Mambo mawili: nisikose, isiloe. Nikadhani ni mepesi.

Mvua ya kwanza tu, darajani tulikuta bwawa. Nilikuwa nyuma ya pikipiki, mtoto nimemfunga kifuani, mguu wake umetokeza pembeni kwenye mfuko wa nailoni. Kaka wa bodaboda akainua miguu yake juu, pikipiki ikapasua maji, maji yakaruka na kuingia kwenye mfuko kama yalitumwa. Tulipofika mjini piopii ilikuwa laini kama uji wa mgonjwa. Yule mama wa kliniki aliibonyeza kwa kidole, akaniangalia, akaanza kuikata. Afadhali angenitukana.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imekatika siku nzima, jua linawaka, na bwawa bado lilikuwepo pale pale darajani.

"Kaka, simama kwanza. Haya maji kwa nini hayatoki?"

"Yatokee wapi, dada? Matundu yote yameshaolewa." Akacheka peke yake. "Hapo kuna ndoa ya mjomba wangu, pale ya mwalimu, ile kule ni yako."

Nilishuka nikatazama. Maji yaliyokosa matundu yalikuwa yanatiririka taratibu hadi mwisho wa daraja upande wetu, pale zege linapoishia na udongo kuanza, na hapo yalikuwa yakizama. Hayakwenda pembeni. Yalizama, yakiingia kati ya zege na udongo kwenye ufa ambao vidole vyangu vingeingia. Mimi nimeishia kidato cha nne, na fizikia walinipa alama nisizopenda kuzitaja. Lakini maji yanayoingia kwenye udongo hayakai humo yakisubiri. Hayo hata mtoto anayecheza kwenye mfereji anayajua.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Nilimkuta nyumbani kwake, chini ya kibanda cha majani, ana kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wenzake wawili ambao kazi yao ni kumchekea.

"Karibu, bibi arusi," akasema. Mpaka leo ananiita bibi arusi, kana kwamba sijazaa.

"Asante, mzee. Shikamoo. Nimekuja kwa habari ya daraja. Matundu ya maji yameziba."

"Marahaba. Daraja ni la serikali."

"Na migomba iliyoziba ni ya serikali?"

Wenzake wakacheka, kwanza kwa upande wangu, halafu walipomwona amekunja uso wakageuza kicheko. "Migomba ni mila," akasema. "Wewe ni wa mjini, hujui. Daraja limekaa hapa tangu sijaoa mke wa pili, halijawahi kuomba kufagiliwa."

"Kibanja chako cha migomba je, mzee? Kinaomba?"

Akainua kibuyu chake akanywa. Na hapa ndipo hasira yangu ilipoanzia hasa, kwa hiyo nisimame kidogo.

Hawa si watu wasiojua kutunza kitu. Mama mkwe wangu ana kibanja cha migomba kilichopandwa na watu ambao hata makaburi yao hayaonekani tena, na bado kinazaa. Kwa nini? Kwa sababu hakuna asubuhi anayoiacha ipite. Anakata majani makavu kabla hayajaleta ugonjwa. Anang'oa visiki vilivyooza kwa mikono yake, anatandaza nyasi, anachimba mifereji kabla ya mvua. Akiukuta mgomba wako umelala kwa kukosa mwega, atakusema mpaka Pasaka. Ukiacha kisiki kinaoza kwenye shina, atakuita mvivu mbele ya wageni. Kila nyumba iko hivyo. Kijiji kizima kinajua kwamba kitu kizuri kinakufa kidogo kidogo, na kinaokolewa kidogo kidogo, kila siku. Halafu watu hao hao wanashika njia, wanafika kwenye zege, na akili yote wanaiacha kibanjani. Si ujinga huo. Ingekuwa ujinga ningesamehe. Ni kwamba kibanja ni chao na daraja ni la mwingine.

Na huyo mwingine nilikutana naye.

Ilitangazwa kwamba mgeni mkubwa atapita kwenda kufungua madarasa. Ghafla daraja letu likapata wapenzi. Wakaja watu na ndoo za chokaa, wakapaka ukingo mweupe, wakaacha nafasi, wakapaka mweusi, mweupe, mweusi. Ule ufa wa mwisho wa daraja wakauzibia kwa saruji kidogo, ya kutosha kupakia chokaa juu yake. Likaja na gari la serikali, akashuka mhandisi. Wa ofisi ipi sijui, maana nilipouliza nilitajiwa ofisi tatu na kila moja ilikuwa inaitaja nyingine. Viatu vyake vilikuwa safi kuliko vya padri.

Nilikuwa natoka kliniki, mtoto ana piopii mpya. Nikamsubiri amalize kupiga picha.

"Samahani, mhandisi. Haya matundu yatazibuliwa lini?"

Akatazama ukingo kama ndiyo kwanza anauona. "Mama, daraja hili liko katika hali nzuri. Tumelikagua."

"Mmelikagua leo?"

"Tumepita."

"Kwani hakuna mpango wa kulitunza?"

"Mpango upo, mama."

"Unasemaje?"

Akavuta pumzi ya mtu mwenye subira. "Likipata uharibifu, tunaandika, tunaomba fedha za dharura, zikija tunatengeneza."

"Huo si mpango wa kutunza, huo ni mpango wa mazishi."

Wapaka chokaa wakaangua kicheko. Yeye pia akacheka, tena kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko majivuno. "Nakuelewa, mama. Lakini kuzibua matundu hakuna kifungu cha bajeti."

"Chokaa ina kifungu?"

"Chokaa ni mapokezi," akasema, akapanda gari lake.

Nataka uyarudie maneno hayo. Chokaa ni mapokezi. Kwa hiyo zege linalobeba watoto halina kifungu, ila macho ya mtu mmoja anayepita ameketi nyuma ya kioo cheusi, hayo yana kifungu.

Siku ya mgeni walichomeka migomba mipya. Nilimwona mwanamume mzima akiinua mguu na kukandamiza mgomba ndani ya tundu kwa kisigino, juu ya visiki vya zamani, mpaka jasho linamtoka, na mwenyekiti anamwambia, "Kaza, kaza, usije ukaanguka mgeni akiwa hapa." Mgeni akapita. Hakufungua kioo.

Ilipofika Jumatatu nilichukua mtaimbo wa mume wangu. Yeye yuko Mwanza kwenye kazi za ujenzi, mtaimbo ulikuwa umelala nyuma ya mlango. Mtoto nikamfunga mgongoni, nikashuka bondeni, nikaanza na tundu la kwanza upande wa kulia.

Kisiki cha mgomba kilichooza kina harufu yake. Kinatoka vipande vipande, na maji meusi yanayoteleza, na minyoo. Katika tundu la kwanza nilitoa tabaka juu ya tabaka, mpaka mtaimbo ukapenya, na maji yaliyokuwa yamesimama pale yakazunguka, yakanywewa, yakaanguka mtoni. Nilikaa nikasikiliza sauti ile. Tangu nizae sikuwa nimesikia kitu kizuri hivyo.

Nilikuwa kwenye tundu la tatu au la nne pale mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka kuchota maji alipotua ndoo yake.

"Unafanya nini hapo, wewe?"

"Nazibua."

"Hiyo ni migomba ya arusi ya watu!"

"Ilikuwa migomba. Sasa ni uchafu."

Akapiga ukelele. Sitanii. Alipiga ukelele kama aliyekuta mwizi, na watu wakaja na majembe mikononi. Dakika hiyo hiyo nikawa mchawi. Mmoja ambaye mumewe alishamkimbia tangu zamani, kijiji kizima kinajua na sababu inajulikana, akanyoosha kidole: "Ndiyo maana nyumba yangu imevunjika! Kumbe kuna mtu anang'oa!"

"Dada yangu," nikamwambia, "mumeo aliondoka kabla mimi sijajua hata njia ya kuja huku. Na cha kwanza nilichong'oa ni changu. Kile pale, chukua ukakinuse."

Watu walitaka kucheka, wakaogopa. Mwenyekiti akafika, nyuma yake mama mkwe wangu anapepesuka kwa hasira, khanga imemwanguka begani.

"Wewe mtoto wa Buhembe! Nani amekutuma kuniaibisha?"

"Mama, daraja linakufa."

"Linakufa linakuuma wapi?"

"Hapa," nikasema, nikageuka nimwonyeshe mguu wa mjukuu wake mgongoni kwangu. Akatazama pembeni.

Mwenyekiti aliuchukua mtaimbo. Alisema ni kielelezo, suala litajadiliwa. Upande wa kushoto sikuwa nimegusa hata tundu moja. Niliporudi nyumbani mume wangu alikuwa ameshapigiwa simu. "Kaa kimya," akaniambia kutoka Mwanza. "Unatuletea maneno." Fundi ujenzi! Mtu anayekula kwa zege! Nikamkatia simu, na simu yake nyingine sikupokea mpaka Jumapili.

Mvua kubwa zilikuja zilivyozoea kuja. Haikuwa mafuriko ya kuandikwa popote, ilikuwa mvua yetu tu ya Kagera, siku nenda siku rudi. Asubuhi moja ya kliniki tulishuka bondeni, mimi na kaka wa bodaboda, tukakuta watu wamesimama. Daraja lilikuwepo. Limesimama katikati ya maji na rangi zake, nyeupe, nyeusi, nyeupe, halina hata mkwaruzo. Kilichokosekana ni udongo wa upande wetu. Ulikuwa umeondoka wote, kuanzia kwenye ule ufa waliopaka chokaa, na kati yetu na daraja palikuwa na shimo la upana wa nyumba, mto unapita humo kwa kelele.

"Duh," akasema kaka wa bodaboda. "Daraja lipo, ila limekataa kuja kwetu."

"Kaka, leo usinichekeshe."

Mlimani kulikuwa na tope, njia ya kuzunguka imeteleza. Nilijaribu, nilirudi nimeanguka mara nyingi, mtoto analia. Wiki ikapita. Ikaja nyingine. Vidole vya mtoto vikaanza kuvimba kwenye piopii, maana alikuwa anakua na jasi haikui. Nikapiga simu kliniki. Yule mama akaniambia, kwa sauti ambayo sijaisahau, "Kama huwezi kuvuka, itoe. Loweka kwenye maji ya vuguvugu, ifunue taratibu. Usiiache imkate damu."

"Na mguu?"

"Toa kwanza."

Niliitoa mwenyewe kwenye beseni la kufulia, uani. Ndani yake mguu ulikuwa karibu umenyooka. Karibu kabisa. Mweupe, umekunjamana kama wa mzee, lakini unatazama mbele kama mguu wa mtu. Niliushika. Nikakaa nao mkononi mpaka mtoto akasinzia.

Halafu nikautazama ukirudi. Hicho ndicho ninachotaka wajue wote, mwenyekiti, mhandisi na yule wa nyuma ya kioo. Haukurudi kwa mshindo kama udongo wao. Ulirudi taratibu, kila nikimwogesha umegeuka zaidi kidogo, mpaka siku moja unyayo ukanitazama tena usoni. Huku upande wa pili mto unavuma, na mwenyekiti anapita kila nyumba akisema ni kazi ya Mungu.

Maji yaliposhuka wanaume walilaza magogo. Nikavuka kwa kutambaa, mtoto mgongoni, sikuaga mtu. Nilikaa Buhembe kwa mama yangu, tukaanza kliniki upya kutoka wiki ya kwanza. Yule mama mnene hakunilaumu. Aliuvuta mguu, mtoto akalia, mimi nikalia, yeye akafunga jasi akasema, "Haya, safari hii hatulali." Kijijini ikasemwa nimekimbia ndoa. Yule wa ukelele akasema si alisema.

Niliporudi, mguu ulikuwa umenyooka na mtoto ana viatu vyake, viwili vimeunganishwa kwa chuma katikati, vya mchana na usiku. Daraja nalo lilikuwa limepata fedha za dharura. Mawe kwenye makapu ya waya, udongo mpya umeshindiliwa, ukuta mpya. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Kazi kubwa mara nyingi kuliko kazi ya mtu mmoja na mtaimbo. Matundu nayo waliyazibua yote. Kumbe kifungu kilikuwepo, kilikuwa kinangoja kwanza kitu kivunjike.

Mama mkwe alimtazama mtoto akihangaika na vile viatu, anapiga chuma sakafuni kwa hasira. Akaniambia, safari hii kwa huruma kabisa, "Mwanangu, mguu si umeshanyooka? Mfungue mtoto apumzike. Hauna shida tena."

Maneno hayo nilishayasikia kwa mtu mwingine, mwenye viatu safi. Nikamjibu kwa ukali kuliko alivyostahili. "Mama, ukimfungua mimi nikiwa shamba, kesho utaona ninavyokiacha kibanja chako kikae na majani makavu mpaka Krismasi." Akarudi jikoni. Hakumfungua.

Kisha ikatangazwa sherehe ya kuzindua daraja. Mgeni atakuja. Kila nyumba itoe migomba miwili.

Siku hiyo nilitoa yangu, sikubisha. Nikaibeba kichwani mwenyewe mpaka bondeni. Nikakuta kamati imeshaanza kupanga, na yule yule mwenye kisigino ameinua mguu juu ya tundu la kwanza.

"Chimbeni pembeni, kwenye udongo," nikasema.

"Bibi arusi," akasema mwenyekiti, "leo tuna wageni."

"Ndiyo maana nasema mapema."

"Pembeni haipendezi. Mgomba unatakiwa darajani."

Mwanamke wa ukelele akacheka. "Mng'oa ndoa amefika! Shikeni waume zenu!"

Niliweka migomba yangu chini. Nikamshusha mtoto mgongoni, nikamkalisha kwenye ukingo, juu ya tundu la kwanza, viatu vyake na chuma chake vimening'inia mbele ya mdomo wa tundu. Alikuwa ameshaanza kukaa vizuri, lakini nilimshika. Nikasema, "Haya, chomekeni."

Mwenye kisigino akashusha mguu.

"Mama, mtoe mtoto hapo," akasema mhandisi, ambaye naye alikuwepo, na karatasi zake za hotuba.

"Mhandisi, yale matundu ni ya nini?"

"Ni ya maji."

"Waambie wao. Mimi nimeshaitwa mchawi."

Akawatazama wote, akatazama barabara ambako vumbi la magari lilikuwa limeanza kuonekana. Hakuna aliyeelewa lolote, nisidanganye. Waliogopa tu mgeni akute mzozo. "Chimbeni pembeni," mhandisi akasema. "Haraka." Na wanaume wakaanza kuchimba, wakinung'unika, huku mwenyekiti akiniangalia kama mtu anayekariri sura.

Sikumtoa mtoto. Nilijua nikiondoka tu, kisigino kitarudi. Jua likapanda. Ndipo nikamwona mama mkwe anakuja katikati ya watu na mwavuli wake wa kanisani. Nikajiandaa, nikajua sasa nitapigwa. Alifika, akaufungua mwavuli, akausimamisha juu ya kichwa cha mjukuu wake.

"Umeniaibisha mbele ya watu," akaniambia. Na akaendelea kushika mwavuli mpaka magari yakapita.

Juzi kulikuwa na arusi, ya kijana wa jirani. Kamati ilikuja nyumbani kuomba migomba, nikawa jikoni nasikia. Mama mkwe aliwapa, kisha akawafuata mpaka njiani, akawaambia kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie: "Mkachimbe pembeni. Msiguse matundu. Yule kichaa wangu atakwenda kuyakalia, na mimi sina nguvu ya kushika mwavuli tena."

Kichaa. Sawa, nimekubali. Nilishuka kesho yake kuangalia. Pembeni walichimba, na matundu yalikuwa wazi, yote, ila moja lililokuwa na chupa ya soda. Nikaitoa. Hakuna aliyeandikwa kulitazama daraja lile, si ofisini, si kijijini, na mvua zitakuja tena, na binti yangu ana miaka ya kuvaa viatu bado. Anayesema viatu hivyo vinamwonea mtoto aje aniambie usoni.

Na mtaimbo wa mume wangu mpaka leo uko kwa mwenyekiti, nimeuona anachimbia mashimo kibanjani kwake. Nautaka.